Muhogo wa Akwi

Aboth alipoolewa na Obbo, karibu na mji wa Nagongera, alimkuta Loy, mtoto mdogo aliyefiwa na mama yake. Mama huyo aliitwa Akwi. Alikuwa ameacha mtoto, na shamba la muhogo nyuma ya nyumba. Watu walianza kumwita Aboth mama Loy, naye akalipenda jina hilo.

Muhogo wa Akwi ulikuwa mtamu. Walichimba, wakachemsha, wakala siku ile ile. Hakuna aliyeumwa.

Kisha mvua ikakataa. Majani ya muhogo yakadondoka, vijiti vikabaki vimesimama kama watu waliokonda. Unga wa zamani ulikuwa kidogo, wakautunza kwa ugali wa jioni. Mchana walichemsha muhogo mbichi wa shambani.

Adhuhuri moja, baada ya kula, Loy alisimama ukingoni mwa shamba. Hapakuwa na upepo. Hata ndege walinyamaza. Mtoto aliyumba, macho yake yakitazama kati ya vijiti.

"Nani huyo, Loy?" Aboth aliuliza.

"Mama. Anazunguka."

Kisha akatapika.

Jioni alikula ugali, akacheza. Kesho yake mchana hali ikarudi. Kuku aliyedonoa maganda alikutwa amekufa chini ya ghala, manyoya safi, hana jeraha. Kichwa cha Aboth pia kiliuma. Mama mkwe hakuumwa. Hakuwa na meno, alikunywa uji wa ule unga wa zamani tu. Alisema Akwi amerudi kumchukua mtoto wake, na kwamba kila adhuhuri anasikia nyayo zake shambani. Obbo akaogopa kupita huko.

Siku ya darasa la jioni, Aboth alimbeba Loy mgongoni, akaenda. Mwalimu wao, Benedeta, mzaliwa wa Busia, aliwafundisha wanawake kusoma, kupika, na Kiingereza kidogo. Siku hiyo aliandika ubaoni: The weather is changeable.

Alisema neno changeable, ambalo wanawake walilitamka chenjebo, ni la kitu kinachoweza kubadilika wakati wowote. Unalisema kwa hali ya hewa, kwa rangi, hata kwa moyo wa mtu. Si tusi. Linakuonya tu usiipime leo kwa jana. Akawaomba kila mmoja ataje kitu cha namna hiyo.

Mmoja alisema bei ya chumvi. Mwingine alisema mume wake, wakacheka.

"Muhogo wetu," Aboth alisema polepole.

Wakacheka tena. Benedeta hakucheka. Alimwomba aeleze, na Aboth akaeleza yote, mpaka habari ya kuku.

"Si Akwi, dada," Benedeta alisema. "Ni jua. Muhogo ukikosa mvua sumu yake huzidi, hata ule mliouzoea. Mtoto ni mdogo, inamshika kwanza. Akiyumba tena, usingoje jioni. Mkimbize zahanati."

Akamweleza la kufanya. Amenye muhogo, aurundike, aufunike kwa majani siku kadhaa mpaka ulainike na kuota ukungu. Akwangue ukungu wote, autwange vipande vidogo, auanike juani ukauke kabisa. Ndipo ausage na wimbi. Maganda mabichi asiwape kuku.

"Na siku hizo zote tule nini, mwalimu?"

Benedeta aliwatazama wale waliocheka. Kabla ya giza, kila mmoja alikuwa amemletea Aboth bakuli la unga.

Mama mkwe alinung'unika kila Aboth alipouita muhogo ule chenjebo. Alisema chakula cha marehemu kinaozeshwa. Pale kwenye kona ya jiko, chini ya majani, muhogo uliota ndevu nyeusi, na bibi hakutaka kuketi karibu nao. Lakini Loy hakutapika tena.

Adhuhuri moja mtoto alisimama tena ukingoni mwa shamba. Aboth akamkimbilia.

"Nani huyo, Loy?"

"Hakuna mtu. Ni muhogo tu, mama."

Aboth alimbeba mpaka jikoni. Alimkuta mama mkwe ameinama juu ya rundo jipya, akiongeza majani bila kuombwa. Akamuuliza kama bado anasikia nyayo.

"Zimenyamaza," bibi alisema. "Lakini wewe, mama Loy, usinifunulie hii chenjebo yako kabla haijalainika."