Chini ya Sauti Yangu

KUH: SAUTI YA MWANAMKE ASIYEJULIKANA KATIKA NYUMBA YA MWANAMUME ASIYE NA MKE.

Ndivyo ilivyoanza barua ya chifu, yenye mihuri miwili, aliyoileta kwa mkono wake, siku mbili tu baada ya majirani kulalamika, nyumbani kwa abti Nunow, mjomba wangu (kwetu mjomba na mpwa huitana abti), hapa Garissa. Kwa mwendo wa ofisi zetu, hiyo ni kasi ya kutisha peke yake.

Abti alikuwa akikarabati spika mbili kuukuu, makabati ya mbao yenye kimo cha mbuzi, alizozipata kwenye mnada wa shirika moja kule Dadaab. Joto lilikuwa limekula mipira inayoshika koni za sauti. Hakuzitaka kwa ajili ya muziki. Zamani, mkewe Deka alipokuwa na mifugo Hulugho, walitumiana barua za kanda. Kama wengi wakati ule, walikuwa na kanda moja tu: unasikiliza, unarekodi jibu juu yake, unampa dereva wa lori la mifugo. Safari ya mwisho dereva aliirudisha kanda kwa abti. Deka alikuwa amekwisha kuzikwa. Abti akabaki na sauti yake mwenyewe, juu ya sauti ya marehemu.

"Haikufutika yote," aliniambia. "Iko chini. Spika mbovu ndizo zinaificha. Wallahi abti, nimesahau hata alivyokuwa akiniita."

Alipobadilisha mipira, nyuma ya maneno yake tulisikia kikohozi. Kisha mbuzi. Alipotia kapasita mpya, mwanamke akacheka. Abti alishika kabati kama mtu anayeshika bega.

Mimi niliona jambo jingine. Sauti ya abti kwenye kanda ilikuwa imekonda kadiri ya Deka ilivyopanda. Na yeye mwenyewe amepwelewa na sauti.

"Pumzisha koo, abti."

"Zimebaki spika ndogo za juu," akanong'ona.

Alikuwa amekwisha kuzipachika siku chifu alipokuja, baada ya swala ya alasiri. Tulimpa chai ya maziwa ya ngamia. Kanda ilikuwa ikizunguka.

"Mzee, huyu mama ni nani?"

"Mke wangu."

"Kwa rekodi zetu, huna mke."

"Basi ziandikie rekodi barua."

Spika zikanyamaza. Hata mchakacho wa kanda ulikatika.

"Nunow," ikasema sauti, karibu sana. "Huyo mgeni ameketi mahali pangu."

Chifu alitoka bila viatu. Hajavijia hadi leo.

Abti alikuwa akilia. Hivyo ndivyo Deka alivyokuwa akimwita.

"Nunow. Utakuja lini?"

Abti akafungua mdomo amjibu. Ikatoka pumzi tu.

"Nunow?"

Pumzi.

Daktari amempima koo mara mbili, hakuona kitu. Kanda niliitoa. Nyaya nilizikata kwa mkono wangu. Bado kila alasiri, kutoka kwenye spika, Deka anamwuliza mumewe atakuja lini, naye hawezi kumjibu.