Gurudumu la Bwawa la Kambi Tatu

Gurudumu la kufungulia lango la bwawa lilikuwa limeibwa, na hakuna ofisi iliyokubali kwamba ni lake.

Kufikia saa nne asubuhi Inspekta Tumwagile alikuwa ameuliza ofisi tatu mjini Kilosa. Ya kwanza ilisema bwawa lilijengwa na shamba la mkonge. Shamba lilisema limeshauzwa kwa mwekezaji, na bwawa halimo kwenye mkataba. Ya tatu ilimwambia arudi Jumatatu.

"Basi mwizi ndiye pekee aliyelitaka," alimwambia Konstebo Anselmi, akapanda Land Rover.

Alikuwa ameazimwa kutoka kituo cha Mikumi kwa sababu mpelelezi wa Kilosa alikuwa anaumwa malaria. Kule Mikumi alishughulika na majangili. Wale angalau walijua wanachoiba.

Bwawa lilikuwa tuta la udongo lililoziba bonde, ili mafuriko yasishukie Kambi Tatu, nyumba za wakata mkonge wa zamani zilizokuwa chini yake. Siku hiyo lilikuwa karibu tupu. Lango lilikuwa wazi mpaka mwisho, na bila gurudumu lake hakuna aliyeweza kulifunga.

Ngoitiko, mfugaji wa upande wa Msowero, alikuwa akiwasubiri juu ya tuta.

"Mama, ng'ombe wangu wawili wamekufa kwenye tope wakitafuta maji. Na wewe umekuja na askari mmoja?"

"Nimekuja na mafuta ya kunirudisha. Shukuru. Unamshuku nani?"

"Wanunuzi wa vyuma chakavu wa Dumila. Tangu biashara iwe huria, hata kengele ya shule wamebeba."

"Gurudumu uliliona lini mara ya mwisho?"

"Jumapili. Nililifunga lango mwenyewe."

"Nani alikuruhusu?"

"Kiu ya ng'ombe."

Inspekta alipanda kwenye lango. Unga wa kuchukulia alama za vidole ulikuwa umekwisha kituoni tangu Machi, kwa hiyo alitumia macho. Ncha ya mhimili, mahali gurudumu lilipokaa, ilikuwa imefungwa kitambaa. Alikifungua. Nati ilikuwa imerudishwa mahali pake, imekazwa, na kupakwa grisi.

"Anselmi, mwizi gani huyu anarudisha nati?"

"Mwenye adabu, afande."

"Kulifungua lango ni mizunguko mingapi?"

"Themanini na kitu," alidakia Ngoitiko. "Mikono inavimba."

"Kwa hiyo mtu wa chuma chakavu alizungusha mara themanini kwanza, ndipo akaiba? Kisha akafunika mhimili usipate kutu?" Inspekta alishuka. "Hatuendi Dumila. Nani hupaka grisi hapa?"

Mlinzi, Mzee Beda, aliishi mwisho wa tuta. Mwaka uliopita alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wengine wengi, lakini hakuacha kuja kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Dirishani zilipangwa chupa za maji, kila moja na tarehe yake. Ya kwanza ilikuwa na maji maangavu. Ya mwisho ilifanana na chai ya maziwa.

"Haya ni maji gani?"

"Yanavuja chini ya tuta. Nakinga kila wiki. Yakitoka safi, unalala. Yakitoka na udongo, ujue tuta linaliwa ndani kwa ndani."

"Umemwambia nani?"

"Bwana Kasian, ofisa anayesimamia mabwawa. Akasema niandike barua. Nikaandika. Akasema ipigwe chapa. Mpiga chapa alipunguzwa siku moja na mimi."

Inspekta alifumba macho kidogo. "Mzee, gurudumu liko wapi?"

"Mmekula?"

"Nakuuliza kama polisi."

Mzee aliangalia mikono yake. Grisi ilikuwa bado kwenye kucha.

"Chini ya kitanda. Nililichukua mimi."

"Kwa nini?"

"Nikifungua asubuhi, jioni wamefunga. Leo wafugaji, kesho watu wa mwekezaji. Mvua za vuli ni wiki ijayo. Bwawa likijaa, tuta halifiki asubuhi, na kule chini yupo binti yangu Ida na wanawe. Nilimwambia ahame. Akacheka, ati tuta lisimame miaka yote hiyo lije lianguke zamu yake? Nimechoka kubishana, mwanangu. Nikaona gurudumu lisipokuwepo, hatutabishana tena."

Anselmi alikuwa anavuta gurudumu kutoka chini ya kitanda, limefungwa kwenye blanketi, pikipiki ilipofika. Bwana Kasian aliingia bila kubisha hodi.

"Safi sana, Inspekta. Lirudishwe na lango lifungwe leo hii. Nataka mvua ilijaze."

"Umeziona hizi chupa?"

"Nimesikia habari zake. Bado nasubiri barua."

Inspekta alichukua karatasi, akaandika polepole, akaifunga kwenye gurudumu kwa kamba.

"Hiki ni kielelezo cha kesi ya jinai. Hakiguswi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hukumu."

"Inspekta, upelelezi tu unaweza kuchukua mwaka mzima!"

"Nami nitaufanya kwa makini," alisema.

Bwana Kasian aliondoka akiahidi kumwandikia mkuu wake. Inspekta akamgeukia mzee, na sauti yake ikapungua.

"Lakini lazima twende, mzee. Kosa umelitenda."

"Najua."

"Ukipata mdhamini, utarudi nyumbani kesho."

Ngoitiko alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alichukua chupa ya mwisho, akaitikisa, akatazama udongo ukizunguka ndani.

"Kambi Tatu wanakaa watu wangapi?"

"Kaya arobaini," alisema Mzee Beda.

Mfugaji aliirudisha chupa taratibu.

"Mama, andika jina langu kwenye dhamana," alisema. "Atoke kwanza. Halafu mimi na yeye tutazungumza habari za ng'ombe wangu."