Mchanga Wetu Ulikwenda Wapi

Watu wote kijijini walimwita Koleo. Jina alilopewa na wazazi wake lilitumiwa na mkewe peke yake, tena siku akiwa amekasirika.

Koleo alikuwa mpakiaji wa mchanga. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, alipita katikati ya bustani yao ya mboga, akateremka mtoni na kuanza kazi. Mto ule ulikuwa wa msimu. Mvua zikinyesha ulijaa ukanguruma. Kiangazi kikiingia, maji yalipotea machoni, ukabaki mchanga mweupe, mpana kama uwanja wa mpira. Malori yaliingia mpaka katikati yake. Koleo na wenzake sita walijaza lori moja kabla dereva hajamaliza chai yake.

Kazi ile aliipenda, na mikono yake aliionea fahari. Kwa kazi ile alikuwa ameezeka nyumba yake bati. Kwa kazi ile pia alikuwa amemjengea mama mkwe wake jiko la matofali, nyuma ya nyumba, upande wa mtoni. Mama mkwe alikuwa mjane aliyekuja kuishi na binti yake. Ulimi wake haukuwa na breki, lakini jiko lile alilisifu kwa kila mgeni.

Kiangazi cha mwaka ule, mke wa Koleo aliteremsha ndoo kisimani, ikagonga chini. Akaivuta. Ilikuwa na tope na jani moja. Kisima kile kilichimbwa miaka ishirini nyuma, na hakikuwa kimekauka hata mara moja.

Koleo alisema ni ukame tu, maji yatarudi. Mkewe akamwinulia ile ndoo ya tope.

“Mvua za mwaka huu zilivunja daraja,” alisema. “Ukame gani huo?”

Koleo alichukua koleo lake akaenda zake mtoni. Tangu siku ile mkewe alichota maji kwenye kisima cha shule, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mboga zilinyauka, kwanza tuta la mwisho, kisha la katikati, kisha yote. Majirani nao walianza kulalamika kwamba visima vyao vinatoa tope.

Mwisho wakamwita fundi wa visima kutoka mjini. Koleo alitarajia mwanamume mnene mwenye mashine. Akashuka mwanamke wa makamo, buti miguuni, kofia ngumu kichwani, mkononi kamba yenye alama nyekundu. Aliwasalimu, akapima kina cha kisima, akaandika. Halafu, badala ya kuendelea kuchungulia kisimani, alienda kusimama ukingoni mwa mto. Alimwuliza Koleo zamani mchanga ulikuwa unafika wapi.

Koleo aliteremka naye. Akanyoosha mkono ili amwonyeshe, mkono ukaendelea kupanda. Mchanga ulikuwa ukifika kwenye mizizi ya ule mti uliosimama juu ya ukingo. Sasa mizizi ile ilikuwa inaning’inia hewani, juu ya kichwa chake, mara mbili ya urefu wake. Miaka kumi na moja alikuwa akishuka kidogo kidogo pamoja na mto, bila kuinua macho.

Wakapanda tena juu. Mama mkwe alikuwa jikoni. Aliposikia sauti ya mgeni, akatoka na kigoda mkononi, akiwasema kwamba nyumba hii haina adabu, mgeni amesimama juani kama mlingoti na hakuna aliyempa hata mahali pa kukaa. Alikuwa bado anasema alipowafikia.

Nyuma yake ardhi ilitoa mlio mzito, kama gunia linalotupwa sakafuni. Ufa ukapita mbele ya mlango wa jiko. Jiko likainama taratibu. Likakaa hivyo kidogo, halafu likaondoka lote, matofali, masufuria na moto wake, likatumbukia mtoni. Vumbi likapanda.

Mama mkwe aligeuka. Akatazama mahali jiko lilipokuwa. Kigoda alichomletea mgeni akakiweka chini, akakikalia yeye mwenyewe. Koleo alikuwa hajawahi kumwona akikosa neno.

Koleo alijua fika ni nani aliyechimba chini ya ukingo ule, kwa sababu ndiko lori lilikoweza kusogea karibu. Mkewe alikuja mbio kutoka bustanini, akamshika mama yake mikono, kidole kwa kidole, kama anayehakikisha kwamba vyote vipo.

Fundi aliwaondoa wote ukingoni. Alingoja mpaka wameketi mbele ya nyumba na pumzi zimerudi. Alieleza kwamba ukingo wa mto huegemea mchanga ulioko chini yake. Ukiutoa, ukingo hubaki bila kitu cha kuegemea. Halafu akaomba ndoo kubwa iliyojaa mchanga mkavu, na jagi la maji la lita moja.

“Kaka,” alimwambia Koleo, “ndoo hii imejaa. Itapokea majagi mangapi kabla maji hayajamwagika?”

Koleo akakisia moja, labda mawili. Fundi alimimina la kwanza, la pili, la tatu. Mchanga ukayameza. La nne. La tano. Jagi la sita nalo likazama.

“Mto wenu haukuwa ukikauka kiangazi,” fundi alisema. “Ulikuwa unajificha ndani ya mchanga, na kutoka humo ukiingia visimani mwenu polepole. Mlipouza mchanga, mliuza na ghala la maji.”

Koleo aliuliza swali lililokuwa likimsumbua siku nyingi. Mchanga uko kila mahali duniani, na majangwa yamejaa mchanga. Kwa nini malori yanakuja mpaka huku?

Fundi alimweleza kwamba mchanga wa jangwani umesukumwa na upepo mpaka punje zake zimekuwa laini na za mviringo. Haushikani vizuri na saruji. Kwa hiyo zipo nchi za jangwa, tajiri sana, ambazo zinaagiza mchanga kutoka nje kwa meli. Koleo alidhani anataniwa. Alimtazama usoni, akaona hacheki.

Ipo nchi, fundi aliendelea, iliyojaza bahari kwa mchanga ilioununua, mpaka ardhi yake ikapanuka kuliko ilivyoumbwa. Na vipo visiwa vidogo vilivyochimbwa mchanga mpaka vikatoweka. Kioo kinatokana na mchanga. Hata ndani ya simu ya Koleo kulikuwa na kitu kilichotengenezwa kwa madini yaliyomo katika mchanga.

“Visiwa vimetoweka,” mama mkwe alirudia. Hilo ndilo lililomrudishia sauti. “Na watu wake je?”

“Walihama, mama. Na kwenye visiwa visivyo na watu, wavuvi waliozoea kupumzika pale walikuta maji matupu.”

Fundi aliwaambia kwamba habari hii ni ya zamani. Nchi iliyokuwa na makaa ya mawe na chuma karibu karibu ilitengeneza mashine mapema, kisha meli, kisha mizinga, ikaenda kutawala nchi za wengine. Baadaye nchi zenye mafuta zikaanza kubembelezwa na wakubwa. Mawe yaliyolala chini mamilioni ya miaka yaliamua nani atanunua na nani ataomba.

“Lakini zipo nchi zimejaa dhahabu na shaba, na watoto wao wanakunywa maji ya tope,” aliongeza. “Kuwa na mali ardhini hakutoshi. Wanaopata nguvu ni wale wanaojua wana nini, kiasi gani, na wanaokubaliana kitoke vipi kabla hakijatoka.”

Koleo alitazama viganja vyake.

“Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimjazia mtu nchi yake,” alisema, “huku nyumba yangu ikiondoka.”

“Mchanga huohuo umejenga shule ya watoto wenu, kaka. Kuuchimba si dhambi. Shida ni kwamba hakuna aliyepima, na hakuna aliyeuliza.”

Wiki iliyofuata kijiji kilikutana. Wapakiaji walikuja wamekunja nyuso. Mmoja alisema wazi kwamba Koleo ameshaezeka nyumba yake, sasa anataka kuwafungia wenzake mlango. Koleo hakubishana. Aliwachukua mpaka ukingoni akawaonyesha matofali ya jiko mle mtoni. Mama mkwe akaongezea maelezo yake, na yeye hakufupisha. Hakuna aliyemkatiza.

Waliunda kamati, Koleo akiwa mmoja wao. Pamoja na fundi na ofisi ya maji, walikubaliana kwamba hakuna kuchimba karibu na nyumba, visima wala daraja. Mchanga ungechukuliwa sehemu moja tu, kule chini kwenye kona, ambako mto huurundika wenyewe kila mwaka. Wakasimika vigingi vyenye alama. Mchanga ukishuka chini ya alama, makoleo yanapumzika mpaka mvua.

Kisha wakajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, ili uzuie mchanga unaoletwa na mvua, mahali ambapo mwamba ulikuwa karibu, msingi wake ukakaa juu ya mwamba wenyewe. Wapakiaji ndio waliochimba msingi, na safari hii walilipwa na ofisi ya maji. Mvua za kwanza zilileta matope zaidi kuliko mchanga, na wapo waliocheka. Fundi aliwaambia wawe na subira. Mvua za pili zilileta mchanga. Za tatu ziliuleta mwingi, ukajaa mpaka juu ya ukuta.

Kiangazi kilichofuata, mke wa Koleo aliteremsha ndoo kisimani, ikazama. Alimwita mumewe kwa jina alilopewa na wazazi wake, na kwa mara ya kwanza hakuwa amekasirika.

Mwaka huohuo wakaja wageni wawili katika gari safi, wakiwa na mkataba mkononi. Walitaka kuchimba mchanga wa mto wote, kuanzia darajani hadi kwenye kona. Walikuta kamati imeketi. Mkubwa wao alifungua ukurasa wa mwisho akawaonyesha mahali pa kuweka sahihi.

Koleo alirudi ukurasa wa kwanza. Aliuliza watachukua malori mangapi kwa mwezi, watachimba kina gani, mchanga unakwenda wapi, na nani atalipa kisima kikikauka. Mgeni alimtazama mpakiaji yule mwenye mikono migumu kama aliyesikia jiwe likisema. Alijibu kwamba maswali hayo hajawahi kuulizwa, na mto wenyewe ni mkavu, hauna maji ya kupoteza.

Koleo alimwomba wafuatane. Wakateremka mpaka nyuma ya ukuta, kwenye mchanga uliokuwa ukimetameta juani. Alipiga magoti, akachimba kwa mikono mitupu, kina cha kiwiko. Chini ya shimo mchanga ukabadilika rangi. Kisha maji yakaanza kuingia kutoka pande zote, taratibu, mpaka yakafunika vidole vyake.

“Haya msinywe,” alisema. “Ya kunywa yako kisimani, yamefunikwa.”

Mgeni alichuchumaa na viatu vyake vya kung’aa. Alikuwa amenunua mchanga maisha yake yote. Alilitazama shimo lile mpaka likajaa. Halafu akaomba arudishiwe mkataba wake, maana ilibidi uandikwe upya.