Trei Mbili za Mawe ya Kioo

Kila siku ya likizo ilianza kwa ndoo. Chapuchapu alijaza ndoo mbili bombani, akazibeba hadi kwenye ghala la utafiti alikofanya kazi shangazi yake, na kila mara alimkuta shangazi amekwisha kukaa, mgongo ameuegemeza ukutani, mswaki mkononi. Si mswaki wa meno, jamani. Ni wa kusugulia mawe.

Jina la Chapuchapu alipewa nyumbani, maana hakuweza kufanya jambo polepole. Akifua, povu linabaki kwenye nguo. Akipiga deki, pembe za chumba zinabaki kavu. Shangazi, aliyemlea tangu ana miaka minne, alikuwa amechoka kumkemea. Kusema kweli alikuwa amechoka kwa mengi. Miaka kumi na tisa alikuwa akiosha, akikausha na kuandika namba kwenye mawe. Ikifika saa sita mchana miguu yake huwa imevimba, na mgongo haukumpa nafuu hata siku moja.

Mawe ya mwezi ule yalikuwa obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Yaliletwa na Daktari. Huyu mama hakuwa daktari wa wagonjwa, ingawa jirani mmoja alimpelekea kikohozi chake mara mbili. Alikuwa mtafiti wa miamba. Wiki tatu alipanda mlima na goti lake bovu, akakusanya vipande kutoka sehemu mbili: mwamba wa juu karibu na kilele, na mwamba wa chini karibu na mto.

"Kule bondeni tumechimbua visu vya mawe vya watu wa kale," Daktari alimweleza Chapuchapu siku ya kwanza. "Nataka kujua jiwe lao walilitoa wapi. Mwamba wa chini ni mwendo wa saa moja. Wa juu ni siku mbili, tena kwa kupanda. Je, walijichosha hivyo kweli?"

"Na kwa nini linang'aa hivi?" Chapuchapu aliuliza.

"Lilipoa upesi. Uji wa volkano wenye silika nyingi, kitu kilekile kinachotengenezewa kioo, ni mzito sana. Ukimwagika juu ya ardhi ukapoa ghafla, chembe zake hazipati muda wa kujipanga ziwe fuwele. Ndiyo maana jiwe likivunjika linatoa ukingo mkali kuliko wembe." Daktari alimtazama, akacheka. "Jiwe hili nalo ni chapuchapu kama wewe."

Kazi ya ghalani ilikuwa na utaratibu wake. Mawe ya mwamba wa juu yalikaa kwenye trei yenye kadi ya herufi J. Ya mwamba wa chini yalikaa kwenye trei yenye kadi ya herufi C. Yakishaoshwa yalikaushwa uani, ndipo shangazi akaandika namba kwa wino mweupe juu ya kila jiwe: J-1, J-2, C-1, C-2, hadi yaishe. Kabla ya wino, ni kadi tu iliyojua jiwe limetoka wapi. Kwa hiyo shangazi alikuwa na amri moja: "Trei moja, safari moja. Hata mvua ikinyesha."

Siku ile mvua haikunyesha. Chapuchapu alichoka tu. Jua lilikuwa kali, vidole vimechubuka, na ndoo za maji machafu zilikuwa bado zinamsubiri. Shangazi alikuwa ameenda jengo la pili kuazima mizani. Basi Chapuchapu akaweka trei ya J juu ya trei ya C, akazibeba zote mbili kwa mpigo kutoka uani. Kwenye kizingiti kidole cha mguu kikajikwaa. Lo! Mawe mia moja na arobaini yakatapakaa sakafuni.

Akachuchumaa akayatazama. Mengine yalikuwa meusi tititi, mengine yakielekezwa kwenye mwanga yalionyesha kijani. Akakumbuka kwamba jiwe la kwanza alilooneshwa la mwamba wa juu lilikuwa la kijani. Basi, kijani ni juu, nyeusi ni chini! Akayapanga kwa haraka yake ileile, akajikata kidole, akakinyonya, akaendelea. Shangazi aliporudi alikuta trei mbili zimejaa, kila moja na kadi yake.

"Leo umepanga vizuri, mwanangu," shangazi alisema, akashika kalamu ya wino. Sifa ile ilimchoma Chapuchapu kuliko kile kidole.

Kesho yake bombani alimsimulia rafiki yake wa darasani. "Sasa nani atajua?" rafiki alisema. "Mawe hayasemi."

Wiki mbili baadaye, yalisema. Daktari alikuja na mashine iliyofanana na drili ya fundi, ila mbele haikuwa na kitu cha kutobolea. Aliielekeza kwenye jiwe, mashine ikalipiga kwa miale ya eksirei, na baada ya dakika mbili ikaandika kwenye kioo chake elementi zilizomo na kiasi cha kila moja. Daktari alisoma jiwe moja baada ya jingine. Alipofika la thelathini akaiweka mashine chini, akajifuta uso kwa kiganja.

"Siielewi hii," alisema. "Kwenye trei ya J, jiwe hili lina nyingi ya metali iitwayo zirkoniamu, lile lina theluthi yake tu. Kwenye trei ya C, vilevile. Mwamba mmoja hauwezi kuwa hivi."

"Lakini Daktari, si rangi zinalingana?" Chapuchapu aliuliza.

"Rangi? Rangi ya obsidiani inadanganya, binti. Miamba yote miwili ina nyeusi na ina kijani. Chukua glasi mbili za maji, moja utie chumvi. Kwa macho utaijua? Hutaijua mpaka uonje. Uji wa kila volkano ulichanganyika na vitu vyake kule chini ardhini, na mashine hii ndiyo ulimi wetu." Kisha akamgeukia shangazi kwa upole. "Dada, namba hizi aliandika nani?"

"Mkono wangu huu, Daktari."

Daktari hakumlaumu. Alisema tu kwamba sampuli hizi hazifai tena, na kwamba itambidi apande mlima upya. Aliposema hivyo alikuwa akilisugua goti lake.

Jioni ile shangazi hakula. Alikaa mezani na karatasi, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akamwita Chapuchapu. "Hebu nisomee hii uangalie tahajia. Sitaki niache kazi kwa barua yenye makosa."

Chapuchapu akasoma. Shangazi aliomba kuacha kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Aliandika kwamba macho yake yamekwisha, kwamba amechanganya mawe ya watu bila hata kujua lini, na kwamba hataki kuharibu kazi ya mtu mwingine tena. Herufi zilianza kumcheza Chapuchapu machoni. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Kuna kosa," alisema.

"Wapi?"

"Hapa ulipoandika 'nimechanganya'. Si wewe, shangazi. Ni mimi."

Akaeleza yote: trei mbili, kizingiti, kijani na nyeusi. Alipomaliza alikuwa analia. Shangazi akaikunja barua mara mbili, akaipachika chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

"Tangu Daktari aseme yale, nimekuwa nikidhani nimeanza kupofuka," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho utayasema hayahaya mbele ya Daktari. Mimi sitakusemea."

Kesho yake aliyasema. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza swali moja tu: "Mifuko niliyoletea mawe toka mlimani iko wapi?"

"Ipo," shangazi alijibu. "Mimi mfuko situpi."

Aliinama kwa shida, akaivuta kutoka uvunguni mwa meza: mfuko wa mwamba wa juu na mfuko wa mwamba wa chini, kila mmoja na maandishi ya Daktari mwenyewe. Chini kabisa ya kila mfuko palikuwa na vipande vilivyomeguka njiani. Havikuwahi kuoshwa wala kuwekwa kwenye trei. Daktari akavisoma kwa mashine. Vya juu, zirkoniamu nyingi. Vya chini, kidogo.

"Alhamdulillahi, goti langu limepona!" Daktari alisema, wote wakacheka, hata Chapuchapu katikati ya kwikwi zake. "Lakini kazi ipo. Kila jiwe lifutwe namba, lisomwe, liandikwe upya."

Kazi ilikuwepo kweli. Siku tatu walikaa ndani ya joto la ghala. Chapuchapu alifuta wino kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, jiwe moja moja, mpaka kichwa kikamuuma kwa harufu. Daktari alisoma, shangazi aliandika. Ilipofika alasiri ya siku ya tatu hakuna aliyekuwa na nguvu za kuzungumza.

Vikabaki vipande viwili, vyembamba kama ukucha. Daktari alivisoma mara tatu, na kila mara mashine ikatoa jibu tofauti. "Ni vidogo mno," alisema, akaenda kunawa mikono.

Shangazi alimpa Chapuchapu kalamu na vibandiko viwili. "Andika wewe."

"Niandike J au C?"

"Unajua vimetoka wapi?"

"Hapana."

"Basi andika hivyo." Shangazi alinyoosha miguu yake iliyovimba. "Nisikilize, mwanangu. Ulimwaga trei kwa sababu ulichoka na hukufuata utaratibu. Hilo ningekugombeza, likaisha. Kosa kubwa ni pale ulipochukua jiwe usilolijua ukajifanya unalijua. Mimi nikaliandika kwa kuwa nilikuamini wewe, na Daktari akalisoma kwa kuwa aliniamini mimi. Uongo wako mmoja tumeubeba watu watatu. Ukichoka, sema umechoka. Ukimwaga, sema umemwaga. Usipojua, sema hujui. Hata nikiwa nimechoka kiasi gani, nitakaa na wewe tupange upya."

Chapuchapu akaandika, herufi moja moja, bila haraka: Haijulikani. Kisha akaandika tena kwenye kibandiko cha pili. Shangazi akavisogeza karibu na macho, akavisoma vyote viwili, akasema tahajia ni sawa. Akanyoosha mkono ili ainuliwe kitini, wakafunga ghala, wakarudi nyumbani polepole.