Unga wa Wadudu Wazuri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alichemsha maji ya kunywa ya nyumba nzima. Hakutumwa na mtu. Aliinjika sufuria jikoni, akangoja maji yatokote, kisha akahesabu polepole mpaka mia tatu, maana mwalimu wa sayansi alisema maji yaachwe yachemke dakika kadhaa ndipo wadudu wafe. Nyumbani na mtaani walimwita Bibi Afya. Darasani alikuwa kiranja wa afya, na hakuna kucha chafu iliyopita mlangoni bila yeye kuiona. Kuna mwalimu aliyewahi kutia mikono mifukoni alipomwona anakuja.

Msidhani namcheka. Watoto wanaofanya kazi vizuri bila kusimamiwa ni wachache, na mimi nilipokuwa na umri wake sikuwa mmoja wao. Namsifu kwa moyo mweupe. Lakini hata mtu hodari huteleza, na Bibi Afya aliteleza palepale kwenye uhodari wake.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana: cherehani karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, na rafu ya vitambaa vya wateja, kila kimoja kimebanwa karatasi yenye vipimo vya mwenyewe. Katika sebule hiyo ndimo mjomba wake, mwenye kiwanja cha kuuzia mbao, alipomletea mtoto wa mbwa. Alikuwa wa rangi ya kahawia, masikio yameanguka, pua nyeusi ya mviringo kama kifungo cha koti. Basi wakamwita Kifungo.

Kifungo alifika na tumbo bovu. Aliharisha asubuhi, akaharisha mchana, na kila alipomaliza alimtazama Bibi Afya kwa macho ya kuomba radhi. Siku ya tano aliharisha juu ya kitambaa cha buluu cha sare za kwaya, kilichokuwa kimetandazwa sakafuni kikingoja mkasi.

Mama alipiga deki. Alipomaliza, akakaa kwenye kiti chake na kujifuta jasho. "Jina mmempa Kifungo, na kweli mimi natumikia kifungo," alisema. "Kila siku deki, kila siku deki."

Bibi Afya alitaka kucheka, ila sauti ya mama haikuwa ya mzaha mpaka mwisho.

"Sikiliza mwanangu. Vitambaa hivi si vyangu, nimeaminiwa na watu. Jumamosi ya wiki ijayo mjomba wako anapita. Tumbo la huyu likiwa bado hivi, anarudi naye."

Bibi Afya alimnyanyua Kifungo, akamkumbatia. Kule kwenye mbao watu walishughulika na malori kutwa nzima, nani angepata nafasi ya kumlisha mtoto wa mbwa mgonjwa? Pacha wake Kifungo alikuwa ameharisha hukohuko siku tatu, akafa.

"Mama, twende kwa daktari wa mifugo," alisema. "Tafadhali."

Walikwenda siku ya pili yake, Alhamisi, baada ya masomo. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe na viatu vya mpira. Chumba chake kilikuwa na meza ya bati inayong'aa, mizani, hadubini ya kukuzia vitu vidogo, na benchi moja la wageni. Hakuwa na haraka. Kabla ya kumgusa Kifungo alimwachia anuse vidole vyake. Kisha alivuta ngozi ya shingoni na kuiachia aone inarudi upesi kiasi gani, akamfunua midomo, akabonyeza fizi, akampima uzito. Mama alikuwa amebeba kinyesi kwenye kikopo, amekifunika kwa aibu kama mtu aliyeficha wizi. Daktari alikifungua, akakinusa, akachukua kidogo na kukiweka chini ya hadubini bila kukunja uso hata kidogo. Bibi Afya alimtazama mdomo wazi. Hakuwahi kumwona mtu aliyeheshimu kazi yake kiasi hicho.

"Mayai ya minyoo hakuna," daktari alisema, akanawa mikono. "Kabla hajaja kwenu, alipewa dawa yoyote?"

"Mjomba alisema alikuwa na kidonda mguuni," Bibi Afya alijibu. "Akampa vidonge siku nyingi, mpaka vikaisha."

"Ahaa. Sasa naona." Daktari alikaa kwenye benchi karibu naye. "Tumboni mwetu, na mwa mbwa pia, kuna wadudu wazuri. Wadogo mno, huwaoni kwa macho. Wanasaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasitawale. Vile vidonge viliua wabaya wa kidonda, vikafagia na hawa wazuri. Ndiyo maana tumbo limevurugika."

Alitoa boksi la vipakiti vidogo. "Huu ni unga wa hao wadudu wazuri. Pakiti moja kila asubuhi, changanya kwenye chakula chake. Chakula kiwe wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa, bila mifupa, bila chumvi wala mafuta. Kidogo kidogo, mara nne kwa siku, na maji yasikosekane. Jumatano mje nimwone."

"Daktari, na sisi tukiumwa tumbo tunywe unga huu?" mama aliuliza.

"Hapana mama. Huu ni wa mbwa. Na mbwa mzima wala hauhitaji. Si dawa ya kila kitu, ni msaada kwa tumbo lililopoteza wenyeji wake."

Siku iliyofuata, njiani kwenda shule, Bibi Afya alimsimulia rafiki yake. Huyo walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Ngoja kwanza," Redio alisema, akasimama katikati ya njia. "Unamlisha mbwa wadudu?"

"Wadudu wazuri."

"Wewe? Kiranja wa afya? Wewe uliyenirudisha nyumbani kwa ajili ya ukucha mmoja?" Redio alishika kiuno. "Leo nitasimama mbele ya darasa niseme, jamani, Bibi Afya anatia wadudu kwenye chakula."

Redio alikuwa anatania tu, na kufika kona alikwisha sahau. Lakini maneno yale yalimwingia mwenzake na kukaa. Asubuhi ile alikuwa amechanganya unga kwenye chakula kilichopoa, kama alivyoambiwa. Kesho yake alisimama jikoni na pakiti mkononi, akawaza. Wadudu ni wadudu. Mwalimu alisema wachemshwe. Labda daktari alisahau kusema. Basi akamimina unga ule kwenye sufuria ya wali juu ya moto, akaacha utokote, akahesabu mpaka mia tatu kwa uangalifu wote, halafu akapoza na kumpa Kifungo. Akafanya hivyo Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Hakumwambia mtu. Alijiona amemzidi daktari akili kidogo, na jambo hilo lilimpendeza.

Kifungo hakupona. Alikuwa hafukuzi tena vipande vya uzi chini ya meza. Alilala karibu na mguu wa cherehani, mbavu zikihesabika.

Jumatano walirudi. Mizani ilionyesha amepungua. Daktari alivuta ngozi ya shingoni, safari hii ikachelewa kurudi.

"Umemlisha kama nilivyokuambia?" alimuuliza Bibi Afya.

"Ndiyo, Daktari. Kila asubuhi, sikuruka hata siku moja."

"Huyu ni mwaminifu sana," mama aliongeza, akimshika bega. "Anaamka kabla yangu."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Alifungua faili la Kifungo, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Unga haukusaidia." Akafikiri, kalamu ikiwa kidevuni. "Sipendi, lakini itabidi nimpe dawa kali ya kuua bakteria. Ni mdogo na amedhoofika, sijui kama tumbo lake litaihimili. Ila kama unga umeshindwa, sina njia nyingine."

Mama alishusha pumzi. "Daktari, pengine mjomba wake amchukue tu leo. Mimi naona tumefika mwisho."

Daktari alikwenda kabatini kutafuta dawa. Bibi Afya alibaki ameinamisha kichwa, na macho yake yakaangukia boksi la unga lililokuwa mezani. Upande wake mmoja uliandikwa kwa herufi ndogo. Alisoma kwa sababu hakutaka kumtazama mtu. *Bakteria hawa wako hai. Usichanganye na chakula cha moto. Joto huwaua.*

Alisoma mara mbili. Masikio yalimwaka. Akaelewa kwamba kwa siku tano alikuwa akiwapika wasaidizi wa Kifungo, tena akihesabu.

Sasa, wenzangu, hapa nataka tusimame kidogo. Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza, arudi nyumbani, aanze kuuweka unga kwenye chakula kilichopoa, na sifa yake ibaki safi. Lakini dawa kali ilikuwa tayari inavutwa kwenye bomba la sindano, kwa sababu ya neno lake la "ndiyo". Alitazama bomba, akamtazama Kifungo, akamtazama mama aliyekuwa ametoka kumsifu.

"Daktari," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaanza upya. "Daktari, usimpe hiyo. Mimi nilikosea. Unga niliuchemsha."

Daktari aligeuka. "Uliuchemsha?"

"Na wali. Ulisema ni wadudu. Shuleni tunafundishwa wadudu wachemshwe. Niliona aibu kulisha wadudu, na sikukuuliza. Halafu leo umeniuliza nikasema ndiyo." Machozi yalimtoka, ila hakujificha. "Siku ya kwanza tu ndiyo niliuweka vizuri."

Daktari aliweka bomba la sindano chini. Alichukua kalamu, akakata maneno "Unga haukusaidia" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake, "Unga bado haujajaribiwa."

Kisha akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na msichana.

"Neno lilikuwa langu," alisema. "Nilisema wadudu ili nieleweke, na nikakuchanganya. Ningesema bakteria, na ningekwambia chakula kipoe kwanza. Hilo ni kosa langu, na nitalirekebisha kwa kila mgonjwa atakayekuja. Sasa sikia la kwako. Mwenzangu anayetibu watu humuuliza mgonjwa, unaumwa wapi, umekula nini, na mgonjwa anajibu. Wagonjwa wangu hawasemi. Mdomo wa Kifungo ni wewe. Ukiniambia uongo wewe, ni kama amenidanganya yeye, na mimi nitamtibu ugonjwa asiokuwa nao. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari."

"Na nimekuona ulivyosema, hukumsingizia mtu. Watu wazima wengi wamekaa kwenye benchi hilo na wakashindwa."

Daktari alimnywesha Kifungo maji ya chumvi na sukari aliyoyapima mwenyewe, akawapa mengine ya nyumbani, na akawapa vipakiti vipya. Walipofika nyumbani mama alifungua mlango. Akasema tu, "Kesho asubuhi tutapoza pamoja."

Alhamisi walipoza pamoja. Bibi Afya aligusa wali kwa nyuma ya mkono uliooshwa, mama naye akagusa, wakakubaliana, ndipo unga ukaingia. Siku hiyo hakukuwa na mabadiliko, ila Kifungo alimaliza chakula chake. Ijumaa aliharisha mara moja tu, na jioni aliinuka akauma ncha ya uzi uliokuwa unaning'inia mezani. Bibi Afya aliandika yote kwenye daftari: saa, chakula, maji, choo. Aliandika pia mahali alipochelewa kwa dakika ishirini, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi asubuhi alikuwa uani. Mama alisikia anaitwa, akaacha cherehani na kutoka mbio, akidhani kuna msiba.

"Mama, njoo uone choo cha Kifungo. Kimeshikana."

Mama alisimama na sindano mdomoni. Akaitoa. "Umeniita niache kazi za watu nije nitazame kinyesi cha mbwa?" Lakini aliinama akatazama. Akatazama vizuri kabisa, kama mtu anayekagua mshono. "Kweli kimeshikana," alisema, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka jirani akachungulia.

Mjomba alifika saa nne, amebeba boksi la karatasi lililotobolewa matundu ya hewa. Aliliweka kwenye meza ya kukatia. "Haya, dada, yuko wapi huyo mharibifu? Uliniambia nikija nimchukue."

Bibi Afya alisimama kando ya rafu, Kifungo mikononi. Hakuomba. Tumbo bado halikuwa zima kabisa, daktari alisema ingechukua wiki nzima, naye alijua mama ametoa neno.

Mama alilichukua lile boksi, akalikunja likawa bapa, akamrudishia kaka yake.

"Mbwa anabaki," alisema.

"Si ulisema anakuharibia vitambaa?"

"Nilisema. Na akiharibu tena nitapiga deki, mikono ninayo." Mama alimgeukia binti yake. "Mwanangu, nimekusifu miaka yote kwa usafi, na sifa hiyo ni yako. Lakini kuwa safi wakati kila mtu anakutazama na kukusifu si kazi ngumu. Jumatano ulikuwa na uchafu ambao hakuna aliyeuona isipokuwa wewe, na ukautoa mwenyewe mbele za watu, huku ukijua utaaibika. Ukiwa na shaka, uliza. Ukishakosea, sema. Mtu wa namna hiyo nitamwachia mbwa mgonjwa, nitamwachia na nyumba."

Mjomba hakuwa ameelewa hata nusu ya maneno hayo. Alimtazama dada yake, akamtazama mpwa wake aliyekuwa anajifuta macho kwa sikio la mbwa, akaamua kwamba kwa siku hiyo ni heri aombe maji ya kunywa tu.