Soko Limepoa

Kila asubuhi Mama Vifungo hufagia uwanja, kisha hukaa barazani kwenye cherehani yake. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu haachi kifungo kipotee. Akiwa pale anaiona milango minne ya vyumba vya kupangisha. Yeye na mumewe walivijenga kwa jasho lao, mumewe alipokuwa dereva wa lori. Sasa wamezeeka, na vyumba hivyo ndivyo vinavyowalisha.

Lakini milango miwili ilikuwa na kufuli. Kwa miezi mitano hakuna mpangaji aliyekuja.

Siku moja dalali wa mtaa alipita. Mzee, mume wa Mama Vifungo, akamdaka.

"Wewe dalali, mbona huniletei watu?"

"Mzee wangu, soko limepoa."

"Kama ni poa, si uwalete!"

Mama Vifungo alicheka mpaka akajichoma sindano. "Si ile poa ya vijana, baba. Anasema limepoa kama chai iliyosahauliwa mezani."

Dalali akavuta kigoda. "Tazama ng'ambo ya barabara. Kila mwenye akiba kajenga vyumba. Wapangaji ni walewale. Zamani walikubembeleza wewe. Siku hizi wewe ndiye wa kuwabembeleza."

"Kodi yangu haishuki," mzee akasema. "Nikishusha, watu watasema nimeishiwa."

Jioni ileile nesi wa chumba cha kwanza alipiga hodi. Alikuwa amekaa hapo miaka sita, na hakuwahi kuchelewesha kodi hata siku moja.

"Shikamooni. Nimekuja kuaga. Mwisho wa mwezi nahamia ng'ambo. Kule ni nafuu, na bomba halivuji."

"Haya, kila la heri," mzee akajibu, akageuza uso.

Mama Vifungo alipiga hesabu. Nesi akiondoka, kitabaki chumba kimoja tu chenye mtu. Wazee wawili watakula nini? Kesho yake asubuhi alimfuata dalali.

"Mama, chumba cha ng'ambo nilimwonyesha mimi," dalali akakiri. "Akihama, napata changu. Lakini wewe ulinishonea sare za shule za wanangu kwa bei ya huruma. Siwezi kukuficha. Ukipunguza kodi sehemu moja ya kumi, kwa mwaka unakosa kodi ya mwezi mmoja na siku chache. Chumba kikikaa kitupu miezi miwili tu, umekosa zaidi ya hapo."

"Kumbe!"

"Ndiyo hivyo. Mpangaji mzuri mshike. Tengeneza kinachovuja. Usikope kujenga kingine sasa. Na usiuze nyumba kwa hasira. Soko likipoa, mwenye haraka ndiye anayepunjwa."

Mama Vifungo alimshukuru mara tatu, akarudi nyumbani mbio. Alimweleza mumewe yote, neno kwa neno.

"Watu watanicheka," mzee akanung'unika.

"Hizo kufuli mbili zinakucheka tangu mwezi wa kwanza!"

Mzee alizitazama zile kufuli. Halafu akaenda kumwita fundi bomba.

Bomba lilipopona, mzee alivaa shati safi, akaenda mwenyewe kugonga mlango wa nesi. Mama Vifungo alimfuata nyuma.

"Mwanangu," mzee alianza, akakohoa. "Bomba limetengenezwa. Kodi tumeipunguza, sehemu moja ya kumi. Lakini hata ukiamua kuhama, kuna neno nilipaswa kukwambia zamani. Miaka sita umetulisha sisi wazee. Asante sana."

Nesi aliweka chini sanduku alilokuwa akilifunga. Machozi yalimlengalenga.

"Baba, nimepanga nyumba nne maishani mwangu. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuniambia asante."

Hakuhama. Wiki mbili baadaye alimleta mwenzake wa kazini, na kufuli moja ikafunguliwa. Mwezi uliofuata dalali alileta mwalimu na mkewe, ikafunguliwa ya pili. Kodi ni ndogo kuliko ya zamani, lakini inaingia kutoka vyumba vyote vinne.

Na kila mpangaji anapolipa, mzee humshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante, mwanangu, kwa kukaa nasi."