Mwisho wa Kitabu cha Kobe

Kila siku baada ya masomo, Redio na Kobe walipitia dukani kwa shangazi yao kabla ya kwenda nyumbani. Lilikuwa duka la kuchapa na kutoa fotokopi, chumba kimoja chembamba chenye harufu ya wino. Shangazi alichapa barua za watu, kadi za harusi na mitihani ya shule, na watoto hao wawili walimsaidia kukunja karatasi. Kobe alikunja. Redio alikunja kidogo na kuongea sana.

Majina hayo walibandikwa na wenzao shuleni, nao wakayazoea. Redio alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye mdomo wake haukujua likizo. Insha zake zilisomwa mbele ya darasa kila muhula. Tangu akiwa mdogo alitangaza kwamba atakuwa mwandishi wa vitabu, na nyumba nzima ikaafiki. Droo yake ilijaa hadithi alizozianza kwa mbwembwe na kuziacha kabla hazijafika katikati. Kobe alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, naye aliishi nao nyumba moja. Kijana huyu alikuwa mpole, tena mzito wa kila jambo. Hata kufunga kamba za viatu kwake ilikuwa shughuli.

Siku moja Shangazi aliinama chini ya meza akatoa boksi kubwa. "Haya, mwandishi wangu," alisema, "njoo upokee mzigo wako."

Redio akainuka mbio. Mwandishi katika ukoo ule si alikuwa mmoja tu?

"Si wewe, mama," Shangazi akasema taratibu. "Namwita Kobe."

Ndani ya boksi mlikuwa na vitabu vyembamba, vimekunjwa na kubanwa pini katikati. Kwenye jalada kulichorwa mbuzi mwenye miwani, na juu yake maneno *Mbuzi wa Mwalimu Mkuu*. Chini yake lilikuwa jina kamili la Kobe, kwa herufi kubwa.

"Ameandika lini?" Redio aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Hapo hapo nyuma ya mashine, wewe ukiwa unatusimulia habari za dunia," Shangazi alijibu huku akicheka. Kisha akamgeukia Kobe. "Sikia, bwana mdogo. Boksi hili likiisha kabla ya shule kufungwa, tutachapa kitabu cha pili. Likibaki, karatasi hizi nitafungia kadi za wateja. Biashara ni biashara, hata kwa mtoto wa kaka yangu."

Kobe alichukua kitabu cha juu kabisa akampa Redio. "Dada, nilitaka wewe uwe wa kwanza kukisoma."

Redio akasema hongera, lakini alicheka kwa meno tu. Roho ilikuwa ikimuuma! Usiku huo alijilaza akakisoma chote. Kilikuwa kinachekesha. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, halafu akakasirika kwa sababu amecheka. Kobe ni nani hata aandike kitabu? Insha yake ya mwisho si ilirudishwa na wino mwekundu mtupu?

Kesho yake wakati wa mapumziko, Kobe alisimama barazani na boksi lake, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu mwenyewe. Alikuwa na njia yake ya kuuza. Aliwasomea wenzake mwanzo wa hadithi: jinsi mbuzi alivyoingia ofisini, mlango ukajifunga, na ndani kulikuwa na mitihani yote ya darasa la saba. Mlango ulipofunguliwa, mbuzi alikuwa anatafuna na mitihani haionekani. Hapo Kobe alifunga kitabu pa!

"Ehe! Ikawaje?" wanafunzi walipiga kelele.

"Kitabu kipo," alisema Kobe.

Wakanunua. Wengine walichanga wakanunua kimoja kwa watu watatu. Walimu nao walinunua. Jioni Kobe alirudi dukani na boksi limepungua vizuri, na mpiga picha wa duka la jirani alikuja kumpa mkono. Redio aliyatazama yote hayo huku akikunja karatasi kombokombo. Nyumbani mambo yakawa hayo hayo. Baba alimwita Kobe "mheshimiwa mwandishi" mezani, na mama akamwongezea chakula. Hakuna aliyemuuliza Redio habari za darasani.

Basi siku iliyofuata, asubuhi kabla ya masomo, Redio alifanya jambo. Aliwakusanya wenzake kwenye bomba la maji.

"Mnataka kupoteza hela zenu bure?" alisema. "Mbuzi hakula mitihani. Alikuwa anatafuna kalenda. Mitihani aliikalia mwalimu mkuu mwenyewe, iko chini ya mto wa kiti chake! Anatafuta shule nzima kumbe ameikalia!"

Alisimulia kwa sauti zote, ya mbuzi na ya mwalimu mkuu. Watoto walianguka kwa kicheko. Redio akajisikia vizuri, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Siku ile hata kitabu kimoja hakikununuliwa. Siku zilizofuata mambo yakawa hivyo hivyo. Kobe alisoma, akafunga kitabu, na wanafunzi wakajibu kwa pamoja, "Ameikalia!" Kisha wakaondoka zao kucheza mpira.

Kobe hakuelewa. Alirudi dukani amebeba boksi kifuani, akaliweka chini. Siku za kufunga shule zilikuwa zimekaribia.

"Kulikoni?" Shangazi aliuliza. "Kitabu kilianza kwa kasi, kimekwamia wapi?"

Msichana mmoja wa shuleni kwao, aliyekuwa akisubiri fotokopi, akadakia, "Shangazi, nani anunue na mwisho tunaujua? Redio ametusimulia wote pale bombani."

Mashine iliendelea kutema karatasi. Kobe alimtazama dada yake.

"Ni kweli, dada?"

Redio alitaka kukana, ila maneno yaliyomtoka yalikuwa mengine. "Ndiyo! Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa niwe mwandishi! Mimi! Kila mtu alijua hivyo, halafu wewe ukaja kimya kimya ukachukua nafasi yangu!"

Kobe alifikiri kwanza, kama kawaida yake. "Mimi nilidhani tutakuwa wawili," alisema.

Laiti angempigia kelele! Redio alikaa juu ya bunda la karatasi akalia. Mwisho akajikaza. "Nisamehe, mdogo wangu. Niambie nifanye nini."

"Nitabadilisha mwisho," Kobe alisema.

Shangazi alitingisha kichwa. Alichukua kitabu kimoja, akang'oa pini na kuvuta karatasi ya nje. "Ona hapa. Ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho ziko kwenye karatasi moja. Ukitaka kugusa mwisho, lazima uchape na mwanzo upya. Na kila kitabu kifunguliwe, kibadilishwe, kifungwe tena. Karatasi nitatoa. Kazi ya mikono nani ataifanya?"

"Mimi," alisema Redio.

Akaifanya kweli. Kila alasiri aling'oa pini mpaka kucha zikamuuma, akazipanga karatasi na kuzikunja upya. Akiwa pale sakafuni, kwa mara ya kwanza alimwona Kobe akifanya kazi. Aliandika mstari, akaufuta. Aliandika ukurasa mzima, akausoma kwa sauti ya chini, akaukunja na kuutupa kwenye kapu. Kapu likajaa.

"Mbona huo ulikuwa mzuri?" Redio aliuliza akiokota mmoja.

"Ulikuwa mzuri, lakini haukuwa mwisho," Kobe alijibu, akaanza tena.

Redio aliikumbuka droo yake. Hadithi zake aliziacha pale pale zilipoanza kuwa ngumu. Mwenzake alifika pagumu akakaa.

Mwisho mpya ulipatikana. Ulikuwaje? Thubutu! Mimi sisemi. Ninachoweza kusema ni kwamba Shangazi alipousoma alilazimika kuzima mashine ili acheke vizuri.

Wiki ya mwisho ya muhula, boksi lilirudi barazani. Wanafunzi walipoliona wakaguna. "Ameikalia!" walisema.

"Hakuna cha kukalia!" Redio alipaza sauti. "Mwisho ni mpya. Ule wa zamani niliumwaga mimi kwa wivu, na haukuwa wangu kuumwaga. Sogeeni!" Akasoma yeye, kwa sauti ya mbuzi na ya mwalimu mkuu, huku Kobe akipokea hela. Uwanja wa mpira ukabaki mtupu. Mbuzi alipoanza kutafuna, Redio alifunga kitabu pa!

"Tuambie, Redio! Tudokeze kidogo tu!"

Ulimi ulimwasha, lakini akaushika. "Redio imezimwa," alisema. "Kitabu kipo."

Shule ilipofungwa, hakikubaki hata kimoja. Shangazi alilipindua boksi kuhakikisha, kisha akawakalisha wote wawili kwenye benchi la wateja.

"Redio, mama yangu," alisema, "wivu ulikudanganya kwamba Kobe amekaa kwenye kiti chako. Kiti chako kilikuwa kitupu muda wote, kinakungoja ukalie ufanye kazi. Ukimwona mwenzako anafanikiwa, muulize amefanyaje, uanze na wewe. Ukimharibia, mtakuwa mmeshindwa wawili. Na uandishi si kipaji peke yake. Ni kumaliza, halafu ni kusimama barazani ukauze. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

Kobe aliinuka polepole, akalichukua boksi tupu na kuliweka mapajani mwa dada yake.

"Hili sasa ni lako," alisema. "Nenda kafungue droo."